Mashine Iliyomtaka Noela

Meli ya Bukoba ilichelewa kufika asubuhi ile, na watu waliojazana bandarini Mwanza kuipokea walikuwa wameshaanza kununiana. Iliposhusha ngazi, kila mtu akataka kuwa wa kwanza. Wapagazi walipita na mikungu ya ndizi mabegani wakipiga kelele za "Pisha! Pisha!", na harufu ya kahawa mbichi ikachanganyika na ya dizeli na ya samaki.

Katikati ya vurugu hiyo alisimama Noela Rutashobya, binti wa miaka ishirini na saba, amevaa blauzi ya njano, sketi nyeusi iliyomkaa sawasawa, na raba nyeupe ambazo alizijutia mara tu alipokanyaga ganda la ndizi. Miguuni pake palikuwa na ndoo mbili kubwa zilizofungwa chandarua mdomoni. Ndizo alizofuata, mzigo wa kwanza wa msimu. Tatizo ni kwamba mikono yake ilitosha ndoo moja na pochi.

"Dada, nikusaidie hiyo nyingine?"

Noela aligeuka. Mbele yake alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, ndani ya shati la bluu lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe. Begi la kompyuta lilikuwa begani.

"Unajua kilichomo?"

"Kwa uzito huu? Samaki."

"Haya, beba samaki," Noela alisema, akiuma mdomo asicheke.

Hawakufika hata getini. Mpagazi mmoja alipita na mkungu wake, ncha yake ikakwaruza chandarua, na senene hai, wale panzi wa msimu wa mvua, wakaruka nje kama waliokuwa wakingoja ruhusa. Wengi walitua kwenye lile shati la bluu. Mmoja alitua kwenye sikio.

"Mayu wane!" kijana alipiga ukelele uliogeuza vichwa vya nusu ya bandari. Aliruka huku, akajipinda kule, akatikisa kichwa, akamwita mama yake tena kwa Kisukuma. Lakini ndoo hakuiachia. Aliikumbatia kifuani kwa mikono miwili, akicheza ngoma yake mpaka Noela alipovua kilemba chake mwenyewe akaifunga upya.

"Wanauma?" aliuliza kijana, akihema.

"Hao ni chakula, kaka. Wewe ndiye unayewauma."

"Chakula cha nani?"

"Cha watu wenye akili. Cha Wahaya."

Kijana akacheka, na meno yake yalikuwa meupe kupita kiasi. Alisema anaitwa Luhende, kwao Magu, na kwamba alikuwa amepita bandarini kuchukua kamera iliyotumwa kutoka Bukoba, kisha aende Buswelu kuanza kazi kwa mama mmoja anayeitwa Bernadeta. "Nakwenda kumfungia mashine inayojifunza. Ya kuchambua bidhaa."

Noela alisimama. "Bidhaa gani?"

"Kwenye simu alisema bidhaa tu."

"Pole sana," Noela alisema, na sasa kicheko kilimshinda kabisa. "Bidhaa yenyewe iko kwenye kola yako. Mimi ndiye ninayeandika programu za Mama Bernadeta. Karibu kazini."

Karakana ya Mama Bernadeta ilikuwa nyumba ndefu ya bati jipya, pembezoni mwa Buswelu. Mama mwenyewe, mjane wa makamo mwenye sauti ya kanisani, aliagiza senene kila msimu, na wanawake kumi wakawanyonyoa mabawa na miguu, wakakaangwa kwa chumvi na kitunguu, wakaingia kwenye pakiti za kuuzwa mpaka Dodoma. Moto wa kikaango, muda, uzito na kufunga pakiti viliongozwa na kompyuta ya Noela. Alikuwa ameiandikia kila hatua kwa mkono wake: kama hivi, basi vile. Wanawake waliiita Katekista, kwa sababu ilifuata kilichoandikwa na haikuongeza neno.

Kasoro yake ilikuwa moja. Katekista haikuwa na macho. Senene mwenye bawa lililobaki, au mguu, au aliyeungua, aliingia kwenye pakiti vilevile mradi uzito umetimia. Hapo ndipo Luhende alipohitajika. Mashine yake haikuandikiwa hatua yoyote. Ilikuwa kamera juu ya mkanda na kompyuta iliyojifunza kwa kuonyeshwa mifano, picha baada ya picha, mpaka ijue yenyewe. Kabla ya saa nne wanawake walikuwa wameshaipa jina: Jicho.

"Yako inabahatisha," Noela alimwambia siku ya pili, akikunja mikono. "Ukiiuliza kwa nini imekataa, haisemi."

"Na yako ikiambiwa dakika saba, itakaanga dakika saba hata nyumba ikiungua."

"Angalau tutajua kwa nini nyumba imeungua."

"Ndiyo maana tunazioza, mrembo. Yangu ione, yako iamue."

"Nani mrembo?"

"Katekista," Luhende alijibu bila kupepesa, na wanawake kumi wakaangua kicheko.

Ukweli ni kwamba ndoa ya mashine ilikwenda taratibu kuliko mambo mengine. Baada ya wiki moja Luhende alikuwa anapiga simu kila jioni, na Noela alikuwa anaacha ilie mara tatu ili asionekane alikuwa ameishika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Ugali na sato. Chakula kisichoruka."

"Mshamba wewe. Siku nikikulisha senene, utaomba uhamie Bukoba."

"Nilishe chochote, mama. Ila hicho nifumbe macho."

Jumapili walipanda feri kwenda Kamanga, ng'ambo, ambako hawakuwa na shughuli yoyote duniani. Walivuka, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakarudi. Upepo wa ziwa ulipeperusha gauni la maua la Noela, na Luhende akawa anamwonyesha mawe yaliyobebana ufukweni kana kwamba yeye ndiye aliyeyapanga. Waliporudi upande wa mjini alimshika mkono kumshusha, na hakuuachia mpaka barabarani. Noela alifika nyumbani, akala bila kujua anakula nini. Alikuwa amependa, na alilijua hilo wazi kabisa.

Sasa hapa inabidi tuseme kitu ambacho Noela mwenyewe hakukisema, na ndiko matatizo yote yalikotoka.

Kwao, mwanamke humkusanyia mumewe senene wa kwanza wa msimu. Huwasafisha kwa mikono yake, mmoja mmoja, akamkaangia, akamwekea mbele. Mume akila, huondoka kwenda dukani akamnunulia mkewe nguo. Kila Novemba mama yake Noela alifanya hivyo, na kila Novemba baba, mwalimu mstaafu asiyejua kubembeleza, alitoka kimyakimya na kurudi na kitenge kwapani. Hakuna aliyetamka neno. Noela alikua akiamini kwamba uzuri wenyewe uko kwenye huko kutotamka. Na kama msichana anampa senene hao mwanaume ambaye bado si mume wake, basi amekwisha kusema yote.

Jumamosi alijifungia chumbani kwake na bakuli la senene wa ile meli ya kwanza, aliokuwa amewagandisha kwenye friji. Alinyonyoa mabawa, akanyonyoa miguu, kisha akafanya ambalo wanawake wa karakana hawakuwa na muda nalo: akang'oa na papasi zote mbili za kila kichwa, zile nyembamba kama uzi, kama bibi yake alivyomfundisha. Vidole viliuma. Alikaanga mpaka wakawa rangi ya dhahabu, akawafunga kwenye jani la mgomba, na Jumapili baada ya misa akampelekea Luhende.

"Nimekuletea," alisema, akimpa jani kwa mikono miwili.

Luhende alifungua jani, akatazama, na uso wake wote ukawaka. "Noe! Hivi ndivyo hasa nilivyokuwa nahitaji!"

Noela alirudi nyumbani akiimba.

Jumatatu asubuhi aliingia karakanani mapema, amejipaka wanja, akiangalia mikono ya Luhende kama ina mfuko wowote. Haikuwa nao. Mikono ilikuwa juu ya meza, chini ya taa kali. Pale mezani, kwenye kitambaa cheusi, senene wake walikuwa wamelazwa safu kwa safu, kila mmoja na kikaratasi chenye namba. Sisimizi walikuwa wameshaanza kumtembelea namba kumi na mbili.

"Njoo uone, mpenzi!" Luhende aliita kwa furaha. "Nimewapiga picha mia nne. Hawana dosari hata moja. Nimeifundisha Jicho kwa hawa tu, ndio wanaoiambia maana ya 'mzuri'."

"Umeonja hata mmoja?"

"Kuonja?" Akacheka. "Noe, si unanijua mimi na senene."

"Sawa," alisema Noela.

Mwanaume yeyote aliyewahi kupenda anajua kwamba hakuna neno la kuogopwa kama hilo. Luhende hakulisikia. Alikuwa ameinamia namba kumi na mbili, akimfukuzia sisimizi.

Siku mbili zilizofuata simu ya jioni ililia mpaka ikachoka. Kwenye ujumbe Luhende alijibiwa mambo ya kazi peke yake: waya umefika, badilisha taa, sawa. Alipomfuata mezani na kuuliza, "Noe, nimekosa nini? Ni kwa sababu nilisema programu yako haina macho?" Noela alimjibu kwamba hajakosa kitu. Kila usiku Noela alilala akijiambia ya kwamba mtu huyu amekataa. Amepewa moyo wa mtu akauwekea namba. Iliuma, na iliuma zaidi kwa sababu mchana alikuwa bado anampenda.

Jumatano ilikuwa siku ya majaribio. Wanawake waliacha beseni zao, Mama Bernadeta akaketi mbele na miwani yake, na Luhende akamwaga senene mia moja wa karakana kwenye mkanda. Jicho iliangalia. Taa ikawaka nyekundu, senene wa kwanza akatupwa. Nyekundu, wa pili. Nyekundu, wa tatu. Mkanda ulipomalizika, wote mia moja walikuwa kwenye ndoo ya takataka.

"Luhende," alisema Mama Bernadeta polepole, "hiyo ni pesa yangu iko kwenye ndoo."

Luhende alifuta lenzi, akakagua waya, akabadilisha taa. Wengine kumi, wote nje. Jasho likamtoka kwenye lile shati la bluu. Mwisho alichukua mmoja wa wale wenye namba akamweka juu ya mkanda. Taa ikawaka kijani. Akaweka mwingine mwenye namba. Kijani. Akaweka wa karakana. Nyekundu.

Alisimama pale amechanganyikiwa. "Imewakataa wote," alisema. "Inamtaka Noela tu."

Wanawake wakapiga makofi kwa kucheka, na Noela, ambaye alikuwa ameapa kutosogea, akasogea. Kazi ni kazi. Alikuza picha kwenye kioo, akaweka ya kijani na ya nyekundu ubavu kwa ubavu, na hakuhitaji hata dakika moja.

"Papasi," alisema kwa sauti ndogo. "Hawa hawana papasi. Imejifunza kwamba mwenye papasi ni mbovu."

"Papasi?" Mama Bernadeta aliinuka. "Nani siku hizi ana muda wa kung'oa papasi? Hiyo hufanywa tu kama mtu anampelekea..." Alimchukua namba kumi na mbili, akamgeuzageuza karibu na miwani. "Noela. Hawa umewasafisha wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Wa meli ya kwanza?"

Noela aliangalia raba zake.

"Mawe!" Mama Bernadeta alimwita mama yake kwa Kihaya, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Luhende! Binti wa Kihaya amekupa senene wa kwanza, na wewe ukawapiga *picha*?"

"Kwani... ilitakiwa nifanye nini?"

"Ule! Halafu uende dukani!" wanawake walijibu kwa pamoja.

Luhende aliwatazama, akamtazama Mama Bernadeta, mwisho akamtazama Noela. Akili yake ilionekana ikipanga mambo moja baada ya jingine: Jumapili, jani la mgomba, ile "sawa". Alichukua begi lake akatoka nje karibu mbio, hata kofia akaisahau.

"Amekimbia," alisema Noela, na machozi yakamlengalenga mbele za watu.

"Na wewe nyamaza," alisema Mama Bernadeta, lakini alimshika bega. "Kompyuta unaiandikia kila kitu, mpaka dakika ya kuzima moto. Huyu mtoto wa watu ulimwambia nini?"

"Mama, hivyo havisemwi."

"Havisemwi kwa Mhaya mwenzio! Huyu bibi yake alichunga ng'ombe. Angejulia wapi? Hata hilo Jicho lake linaonyeshwa mifano mia nne kwanza. Wewe ulimwonyesha mingapi?"

Noela alifuta macho kwa kiganja. Aliketi kwenye kompyuta kwa sababu ndipo mahali pekee alipojua la kufanya. Aliandika amri mpya. Jicho ikiona bawa au mguu, tupa. Ikiwa na uhakika kwamba ni mzuri, pitisha. Ikiwa na shaka yoyote, usitupe wala usipitishe: weka kwenye sahani ya tatu, waulizwe wanawake, na jibu lao lirudishwe kwa Jicho liwe somo jipya. Kwenye sahani hiyo alibandika karatasi na kuandika kwa kalamu ya wino: ULIZA. Saa tisa, baada ya wanawake kujibu mara mia mbili na ushee, Jicho ilikuwa imeelewa kwamba papasi si kosa. Katekista nayo ilipima na kufunga. Mashine mbili zilikuwa zimeshikana, na mmoja wa waliozioza hakuwepo kuona.

Simu ikalia. Noela hakuiacha ilie mara tatu.

"Noe, uko wapi?"

"Kazini. Umesahau kofia."

"Njoo kwenye feri ya Kamanga saa kumi. Tafadhali."

Alimkuta getini, amebadilisha shati, amebeba mfuko wa nailoni na kopo dogo. Walipanda wakaketi benchi la mbele. Feri ilipoachana na gati ndipo Luhende alipofungua kopo.

"Nusu nilikuwa nimewaweka pembeni," alisema. "Niliwaona wazuri mno kuwamaliza kwenye picha."

Akachukua senene watatu, akafumba macho, akajaza mdomoni. Noela alimwangalia akitafuna, akasimama kutafuna, akaanza tena. Macho yakafunguka.

"Mayu wane," alisema, safari hii polepole. "Mbona hamkuniambia?"

"Kwamba nini?"

"Kwamba ni *watamu!*"

Noela alicheka mpaka mama mwenye kuku kwenye benchi la pili akacheka naye bila kujua sababu. Luhende alimpa mfuko. Ndani yake kulikuwa na kitenge cha zambarau chenye maua ya dhahabu, kizito, cha bei iliyozidi mfuko wake.

"Nimezunguka maduka yote ya Makoroboi. Muuzaji ananiuliza ni cha shughuli gani, namwambia nimepewa senene. Ameniangalia kama mgonjwa." Halafu utani ukamtoka usoni. "Noe, nisamehe. Sikukukataa. Niliwaona wale nikasema hawa ndio maana ya kizuri, nikaifundisha mashine nzima hivyo. Sikujua cha kufanya nao kingine."

"Najua. Mimi pia nina kosa. Nilitaka ujue bila kuambiwa."

"Nitakosea tena. Mila zenu sizijui."

"Ukiwa hujui, uliza."

"Basi nauliza." Alishusha pumzi. "Noela, utakubali niende kwa Mzee Rutashobya? Utakuwa mke wangu?"

Noela alitaka kusema, na maneno yakakataa kutoka, kwa sababu kwao jambo kubwa kama hilo hakuwahi kulisikia likijibiwa kwa mdomo. Alikibana kitenge kifuani. "Nipe mpaka kesho," alisema.

Luhende usiku ule hakulala, na aliwaambia watu hivyo kwa miaka mingi.

Asubuhi alikuwa kwenye mkanda kabla ya wote, akijifanya anakaza skrubu. Mlango ukafunguliwa. Noela aliingia akiwa amejifunga kitenge cha zambarau kiunoni, na kipande chake kimepanda kichwani kikawa kilemba. Mama Bernadeta alimwona wa kwanza, akapiga kigelegele kilichotikisa bati. Wanawake kumi wakaitikia, wakaacha beseni, wakamzunguka. Wao walikuwa wameshaelewa. Kwao jibu lilikuwa limetolewa tayari, na hakuna aliyehitaji neno la ziada.

Luhende alikuja mpaka mbele yake, skrubu bado mkononi, akiwa na sura ya mtu anayeogopa kufurahi mapema.

"Noe," aliuliza, "hili ni jibu, au umevaa tu?"

Noela angeweza kunyamaza. Mama yake angenyamaza, na bibi yake pia. Aliangalia ile karatasi ya ULIZA aliyoibandika kwa mkono wake mwenyewe, na nyuma yake mkanda ukiendelea kusukuma senene wa mashaka kwenye sahani ya tatu, ambayo ilikuwa imejaa na kuanza kumwagika kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwajibu.

"Umeuliza," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni. "Ni ndiyo, Luhende. Nakupenda, na nitaolewa na wewe. Sasa zima hiyo mashine, unaniaibisha, senene wangu wanamwagika."